Juu ya Neno KUKABIDHI, Kaburini na Mahakamani

Waalimu na wachungaji wa sehemu za Tunduma, Vwawa na Mbozi wamezoea siku hizi kusema kaburini, wakati wa kuushusha mwili, kwamba "twaukabidhi" mwili wa ndugu yetu. Hata karatasi za utaratibu wa mazishi zipigwazo chapa mjini huandika "Kukabidhi mwili" mahali pa sala ile. Neno hilo hilo lasikika mahakamani, mshitakiwa wa kosa kubwa apelekwapo kutoka mahakama ya chini hata Mahakama Kuu. Nia yangu ni kuonyesha kwamba neno hili, ijapokuwa ni zuri na la zamani, halikai vema mahali pote pawili, na ya kuwa kosa hili si la wasomi tu, bali laumiza watu.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho. Mama mmoja wa vijiji vya Momba alikuwa amemzika mumewe, na katika miezi ile ile mwanawe akashitakiwa kwa kosa la kuua. Siku moja nilikwenda pamoja naye mahakamani. Hakimu alipokwisha kazi yake, mtu mmoja akatoka nje akamwambia yule mama, kwa nia njema kabisa, "Mwanao amekabidhiwa Mahakama Kuu." Mama akaketi chini, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kilio cha msiba. Nikamwuliza, "Mama, walia nini? Mwanao hajahukumiwa." Akanijibu, "Mwalimu, babake nimemkabidhi juzi, nanyi mlikuwapo. Leo wamemkabidhi na mwanangu. Nani kati yao atakayerudi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilimweleza tu kwamba kesi haijasikilizwa. Lakini swali lake lilinifuata nyumbani, nikaona kwamba mama yule hakukosea kusikia. Sisi ndio tuliompa neno moja kwa mambo mawili, naye akayaunganisha kama kila mwenye akili angalivyoyaunganisha.

Asili ya shida hii ni neno la Kiingereza, committal, ambalo wengi wetu tulijifunza kutoka humo utaratibu wa mazishi, na mahakimu nao walijifunza kutoka humo sheria. Neno latoka katika Kilatini, nalo ndani yake lina tendo la kutuma. Waingereza wamelitumia kwa mambo manne. La kwanza, kuuweka mwili wa mfu katika nchi. La pili, kumpeleka mshitakiwa kutoka mbele ya hakimu asiye na uwezo wa kumhukumu hata mbele ya jaji mwenye uwezo huo. La tatu, kumtia mtu gerezani kwa hati. La nne, kumweka mwenye maradhi ya akili mahali pa kutunzwa kwa amri, kama wapelekwavyo watu Isanga huko Dodoma. Mwingereza hachanganyikiwi, maana neno lake limezaliwa pamoja na desturi hizo zote, na kila moja ina mahali pake na mavazi yake. Sisi tulilipokea neno bila desturi zake, tukadhani kwamba neno moja la kwao lazima liwe neno moja la kwetu.

Wala kwao wenyewe usemi wa kaburini haukuwa daima namna moja. Katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549, kasisi alipotia udongo alitumia tendo moja tu, akiiweka roho kwa Mungu na mwili kwa nchi. Katika kitabu cha 1552 maneno yaligeuzwa: roho ikasemwa kwamba Mungu amekwisha kuitwaa, na mwili ndio uliobaki kutiwa katika nchi, kwa tendo lingine. Basi ikiwa wao walilipima neno hili upya baada ya miaka 3 tu, si dhambi nasi kulipima.

Tutazame sasa neno letu. Kukabidhi latoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kushika, kufumbata kwa mkono. Ndiyo sababu Waislamu humwita Mungu Al-Qabidh kati ya majina yake, nao husema juu ya malaika wa mauti kwamba ndiye akabidhiye roho, yaani aitwaaye. Katika Kiswahili cha kila siku maana imegeuka kidogo, ikawa kumpa mtu kitu akishike yeye. Lakini mkono ule haujaondoka katika neno. Palipo na kukabidhi, lazima pawe na mkono wa kupokea.

Sikilizeni watu wa Tunduma wanavyosema. Mtunza ghala amemkabidhi mwenzake ufunguo. Mwalimu mkuu mpya amekabidhiwa shule. Dereva wa lori amemkabidhi ofisa wa forodha hati zake. Katika maneno haya yote, yule atajwaye ndani ya tendo, kwa kiambishi -m-, ndiye mpokeaji, si kitu kipokewacho. Na tendo likigeuzwa kuwa la kutendwa, anayekabidhiwa ndiye aliyepata. Tafsiri ya Biblia ya 1952 yashuhudia hayo hayo. Katika Mathayo 11:27, Mwana asemapo kwamba amekabidhiwa, maana yake ni kwamba yeye amepokea vyote kwa Baba, wala hakuna asomaye akadhani kwamba Mwana ndiye aliyetolewa.

Basi tuipime kwa kanuni hiyo ile sentensi aliyoambiwa yule mama: "Mwanao amekabidhiwa Mahakama Kuu." Kwa sarufi iliyo sawa, maana yake ni kwamba kijana amepewa Mahakama Kuu aitawale, kama mwalimu mkuu alivyopewa shule! Na kaburini, mchungaji asemapo "Twamkabidhi ndugu yetu," msikiaji angoja kusikia: twamkabidhi nini? Najua kwamba lugha yaruhusu pia kusema "amekabidhi ufunguo kwa mwenzake," na hapo kitu ndicho kitajwacho kwanza. Lakini ufunguo hauwezi kupokea, kwa hiyo hapana wa kudanganyika. Mtu anapokabidhiwa kwa mtu au kwa mahakama, wote wawili waweza kupokea, na msikiaji hana budi kubahatisha. Matendo mengine hayana shida hii. Kumweka, kumtia, kumpeleka, kumlaza: katika haya yote kiambishi -m- ni yule anayewekwa au anayepelekwa, wala hapana njia ya pili.

Hayo ni ya sarufi. Lakini liko jambo zito kuliko sarufi, nalo ni mahali ambapo neno limekwisha kupita kabla ya kufika kaburini. Mtu akifia hospitalini, ndugu zake huambiwa kwamba watakabidhiwa mwili, nao hutia sahihi. Hapa sarufi ni safi, maana ndugu ndio wapokeao. Wanyamwanga nao wanakaa pande mbili za mpaka, ule uliochorwa katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, na jamaa moja aweza kufia Nakonde akazikwa upande wetu. Hapo patakuwa na hati za kifo na vibali vya kusafirisha, na tangu 2019, ulipofunguliwa mpango wa kituo kimoja cha kukagua watu na mizigo mpakani Tunduma na Nakonde, karatasi zote hutazamwa pamoja. Kila mahali mwili unapopita neno ni moja, kukabidhi, na kila mahali pana muhuri. Na mtu akiisha kufa, mali yake nayo huweza kuangukia kazi ya Kabidhi Wasii Mkuu. Basi mfiwa afikapo kaburini, neno hili limekwisha kujaa wino. Mchungaji akilitumia tena, mfiwa husikia makabidhiano ya mwisho: sahihi imetiwa, kazi imekwisha, aliyetoa hana tena dai.

Na hiyo ndiyo desturi ya kukabidhi. Aliyekabidhi ofisi hana haki ya kurudi kuketi kitini. Aliyekabidhi mzigo hauulizi tena. Je, hivyo ndivyo tunavyotaka kusema mbele ya mjane?

Kiswahili kina neno lingine ambalo lingetufaa, nalo ni kuweka, na mwenzake kuweka amana. Aliyeweka kitu kwa jirani yake hakukipoteza. Anajua kiko wapi, na siku yake atakitaka. Biblia ile ya 1952 yatumia tendo kuweka katika Zaburi 31:5 na katika Luka 23:46, roho inapotolewa mikononi mwa Mungu, na katika 2 Timotheo 1:12 yasema wazi juu ya amana ilindwayo hata siku ile. Basi neno hili limekwisha kutakaswa na Maandiko kwa jambo hili hasa, nasi tumeliacha tukaenda kuazima neno la forodhani.

Tena kuweka lina faida hii, kwamba latosha kwa yote mawili. Mwili twauweka katika nchi. Roho twaiweka mikononi mwa Mungu. Nchi haifanywi kuwa mpokeaji, kwa maana nchi haina mkono. Ni mahali tu. Asemaye "twaukabidhi mwili kwa udongo" ameupa udongo mikono na sahihi, na sidhani kwamba yeyote kati yetu amekusudia kufundisha hivyo.

Na maneno mengine je? Kuzika ni neno la asili ya lugha yetu, halina aibu, nalo lafaa popote. Kusitiri ni neno la adabu, lenye maana ya kufunika na kuhifadhi heshima. Lafaa sana katika tangazo na katika kuwashukuru majirani waliochimba kaburi na kupika chakula, lakini lasema juu ya heshima ya mfu tu, halisemi juu ya tumaini, kwa hiyo peke yake halitoshi katika sala. Kulaza na kupumzisha ni maneno mema, kwa kuwa aliyelala ataamka. Lakini waandishi wa matangazo huongeza kwamba marehemu amepumzishwa "katika nyumba yake ya milele," na hapo sina budi kupinga. Kama kaburi ni nyumba ya milele, ufufuo ni wa nani? Afadhali tuseme kaburi, tunyamaze.

Sasa twende mahakamani, kwa kuwa haifai kuwanyang'anya mahakimu neno bila kuwaelewa. Kwa sheria ya Tanzania ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 1985, makosa kama la kuua kwa kukusudia hayahukumiwi na hakimu kwa uwezo wake wa kawaida, bali ni kazi ya Mahakama Kuu. Hata hivyo mshitakiwa huletwa kwanza mbele ya hakimu. Husomewa shitaka, wala hatakiwi kulijibu. Baadaye, upelelezi ukiisha na Mkurugenzi wa Mashitaka akiisha kufungua shauri katika Mahakama Kuu, mshitakiwa hurudishwa mbele ya hakimu asomewe maelezo ya mashahidi na habari za vielelezo, apate kujua atakayoambiwa. Aweza kusema neno, au kuliweka akiba neno lake mpaka siku ya kesi. Ndipo hakimu ampelekapo Mahakama Kuu. Kwa kuwa shitaka la kuua halina dhamana, muda huo wote hukaa mahabusu. Zamani, katika utaratibu tuliorithi kwa Waingereza, mashahidi wenyewe waliitwa wakaulizwa mbele ya hakimu. Siku hizi maelezo yao yaliyoandikwa husomwa tu. Kenya iliiacha hatua hii mwaka 2003, na Uingereza yenyewe mwaka 2013. Kwetu ingali ipo.

Baadhi ya wanasheria na waandishi wa habari huiita hatua hii "mwenendo kabidhi." Usemi huu nao una kilema. Kabidhi hapa ni shina la tendo lililosimamishwa nyuma ya jina kana kwamba ni sifa. Hatusemi "siku zika" wala "chumba lala," bali siku ya kuzika na chumba cha kulala. Angalau ungekuwa "mwenendo wa kukabidhi." Lakini kwa nini tusiseme lile ambalo kila mtu wa Momba angelielewa, kwamba ni kumpeleka mshitakiwa Mahakama Kuu? Jambo hili lina haraka yake. Kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria na ya mahakama, wala si mahakama za mwanzo tu kama ilivyokuwa desturi. Maneno yanayotumika katika miaka hii ya kwanza ndiyo yatakayoganda. Neno likiganda vibaya, watoto wetu watalikuta hivyo, wala hawatajua lilitoka wapi.

Katika sheria ile ile liko jambo ambalo natamani kila mwalimu alijue, awafundishe watu wake. Hakimu akiisha kumsomea mshitakiwa shitaka mara ya kwanza, ameamriwa amwambie kwa maneno ya wazi kwamba hii siyo kesi yake. Kwamba ikiamuliwa hivyo atashitakiwa baadaye katika Mahakama Kuu, ndipo ushahidi utakapotolewa, naye atapata kujitetea na kuita mashahidi wake. Yule mama alikuwa nje siku maneno hayo yaliposemwa. Lililomfikia yeye ni neno moja tu, "amekabidhiwa," bila maelezo.

Hapo ndipo penye mfanano wa kweli kati ya mahakama na kaburi. Hakimu akiri kwamba hana uwezo wa kukata shauri. Ampeleka mtu mbele ya aliye mkubwa kuliko yeye, na kumwambia kwamba siku yenyewe haijafika. Nasi kaburini twakiri hivyo hivyo. Hatumhukumu marehemu, wala hatufungi habari zake. Mahali pote pawili ni pa kungoja. Lakini mahubiri yasipite mpaka. Nimesikia mhubiri akilifananisha kaburi na mahabusu, ambamo wafu wangoja kuitwa. Mfano huo ni mkali kwa wafiwa, na katika mji ambamo jamaa nyingi zimewahi kumpelekea ndugu chakula mahabusu, ni mkali mara mbili. Mshitakiwa angoja kusikilizwa, nasi twamngojea ndugu yetu kuinuliwa. Hayo si mamoja.

Mtu atapinga, aseme kwamba neno limekwisha kuzoeleka na watu walielewa. Nami namjibu kwa habari ya mama yule: alilielewa sana, kuliko tulivyokusudia. Mwingine atasema kwamba si haramu kumkabidhi mtu kwa Mungu. Hilo nakubali. Mungu ni mpokeaji, tena mkono wake ndio wenye haki ya kushika. Asemaye "twaikabidhi roho kwa Mungu" hajakosea, ijapokuwa kuweka ni laini zaidi na ndilo neno la Maandiko. Ninalolikataa ni kuukabidhi mwili kwa nchi, na kuwatangazia watu kwamba mtu "amekabidhiwa" pasipo kusema kwa nani na kwa nini.

Yako pia maneno ya lugha za huku ambayo hatujayauliza. Traugott Bachmann wa Kanisa la Moravian, aliyeanza kazi Mbozi mwaka 1899, alilitoa Agano Jipya katika Kinyiha mwaka 1913. Kazi ya namna ile haiwezekani kwa kuketi mezani na kamusi. Sharti mtu akae na wazee, awaulize wanasemaje. Nasi tungewauliza wazee wa Kinyiha na wa Kinyamwanga: mtu akiacha ng'ombe wake kwa jirani, ambaye atamrudishia, husemaje? Na akimwuzia jirani ng'ombe yule, husemaje? Kati ya maneno hayo mawili ndipo sala ya kaburini inapochagua.

Kwa ufupi, shauri langu ni hili. Kaburini tuseme kuweka, na katika mahubiri tuifafanue amana. Kuzika na kusitiri yabaki mahali pake. Kukabidhi tuliachie hospitali iwapapo ndugu mwili, na ofisi zibadilishapo funguo. Na mtu wetu akiwa na ndugu mahakamani, tumweleze kwa Kiswahili chepesi kwamba kupelekwa Mahakama Kuu si kuhukumiwa.

Nilipokutana tena na yule mama, kesi ya mwanawe ilikuwa haijasikilizwa. Nikamwambia, "Mama, babake umemweka. Mwanao wamempeleka." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wamempeleka wapi?" Nikamweleza habari za Mahakama Kuu, na ya kuwa siku itatajwa, naye ataweza kwenda kusikia. Akaniomba nimwandikie jina la mahakama katika karatasi.

Waalimu wa Ileje, Momba na Mbozi walio na maneno ya wazee juu ya mambo haya na wayaandike, pamoja na mfano wa jinsi yanavyotumika, wayalete, tupate kuyalinganisha.